Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Ufinyanzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuona vyungu vyetu. Maonyesho haya tumeyaandaa kwa heshima ya mama ambaye hatujawahi kumwona, ila picha za kazi zake zimebandikwa ukutani nyuma yako: Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi. Tunaomba utuvumilie tumweleze kwanza, kwa sababu maombi yetu yanatokana na safari yake.

Alizaliwa mwaka 1950. Alianza na michoro ya matangazo ya biashara, na mwaka 1971 akaenda Cambridge, Uingereza, kujiendeleza. Huko ndiko udongo ulikomshika. Mwaka 1974 akafunga safari hadi Nigeria, mji wa Abuja ya zamani ambao leo huitwa Suleja, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na hapo akajifunza kwa akina mama wa Kigwari, kabila la huko, akiwemo Ladi Kwali. Mama huyo hakuhitaji gurudumu la kuzungushia udongo. Mtungi ulikaa palepale, yeye ndiye aliyeuzunguka, anarudi kinyumenyume huku mkono ukiinua ukuta wa udongo. Leo yumo kwenye noti ya naira 20, akiwa kazini na mtungi wake. Mheshimiwa, tulipoonyeshwa picha ya noti hiyo darasa zima lilinyamaza. Sisi tumezoea kuona mfinyanzi akipunguziwa bei sokoni.

Odundo alirudi Uingereza akahitimu shahada Farnham mwaka 1976, kisha uzamili katika Royal College of Art, London, mwaka 1982. Elimu yote hiyo haikumtoa kwenye kazi ya mkono. Hufinyanga bila gurudumu, hukwangua ukuta kwa kipande cha kibuyu mpaka uwe mwembamba, hupaka uji wa udongo laini, halafu husugua kwa kijiwe, tena na tena. Ule mng'ao unaouona pichani haukupakwa, umetokana na kusugua. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya chungwa. Akikitaka cheusi, hukichoma tena kikiwa kimefunikwa pamoja na vipande vya kuni. Hewa inakosekana, moshi unaingia mwilini mwake. Udongo ni uleule.

Na vyombo vyake havitekewi maji. Kimoja kina tumbo la mjamzito, kingine kimerefusha shingo kama mtu anayechungulia nje ya ua, kingine kichwa chake kama nywele zilizosukwa. Vipo katika makumbusho ya British Museum London, Metropolitan New York na ya Sanaa ya Afrika Washington. Mwaka 2018 aliteuliwa kuwa Mkuu wa chuo kikuu cha sanaa nchini Uingereza, 2020 akatunukiwa Dame, cheo cha heshima cha Uingereza, na 2022 kazi zake zilionyeshwa Venice. Heshima hizi ni kubwa, lakini sisi tunarudi kwa wale akina mama wa Kigwari.

Mheshimiwa, wilaya yetu ya Kyela nayo inao. Vyungu vya Wakisi, wenyeji wa kando ya Ziwa Nyasa, hushuka kwa mitumbwi kutoka Ikombe hadi soko la Matema, na waliovifinyanga ni bibi zetu. Mwaka jana tulichoma vyungu 12, vikatoka vizima 4. Tulilaumu kuni, tukalaumu upepo wa ziwa. Bibi mmoja wa Ikombe aliyekuja kumtembelea mjukuu wake aliokota kigae, akakigeuza, akatuonyesha kitako: kinene kuliko kidole gumba. "Hapa maji yalikuwa bado yamelala," akasema. Akachukua chungu ambacho hakijachomwa, akakigonga kwa ukucha, akatuambia tusikilize. Tangu siku hiyo kila chungu tunakigonga kwanza, na hivi vilivyo mezani vyote vimepita kwenye ukucha.

Bibi huyo alirudi mara tatu, nauli yake mwenyewe. Hatuwezi kuendelea kumpokea hivyo. Tunaomba ofisi yako isaidie yeye na wenzake wawili waje kutufundisha kila wiki, walipwe posho kama mkufunzi mwingine yeyote, na waitwe walimu katika barua watakazoandikiwa. Tunaomba pia matofali na saruji ya kujengea tanuri dogo. Mafundi ni wazazi wetu na wamekwisha kujitolea. Eneo tumepewa na Mkuu wa Shule, nyuma ya maabara.

Mwisho, tunakukabidhi chungu hiki. Kimefinyangwa na wanafunzi wa kidato cha pili na kusuguliwa kwa kijiwe cha ufukweni siku tatu. Ubavuni kina doa jeusi, mahali moshi ulipokilamba. Wenzetu wengine walitaka tulisugue lifutike, wengi wakakataa, tukaliacha.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wako,
Klabu ya Sanaa