Desemba si mwezi wa harusi Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kamati nyingi za harusi na sherehe hapa Kigoma hulifikiria mwisho, ilhali ndilo lingepaswa kutangulia, nalo ni tarehe. Nimekaa katika vikao vya kamati kwa miaka mingi, mara nyingine nikiwa katibu, na mara nyingi zaidi nikiwa mtu wa viti na maturubai, na utaratibu ninaoukuta ni uleule: tunachagua mwenyekiti na mhazini, tunapanga bajeti, tunagawana kadi za michango, kisha mtu mmoja anasema "tufanye Desemba", na wote wanaitikia kana kwamba mwaka una mwezi mmoja.

Nikiri mapema kwamba Desemba ndiyo inayonilisha. Viti vyangu 300 havilali stoo hata Jumamosi moja ya mwezi huo, kwa hiyo haya ninayoyasema yananipunguzia kipato. Nayasema kwa sababu nimechoka kuona watu wakila pilau chini ya turubai linalovuja.

Sababu ya kuipenda Desemba inaeleweka. Shule zimefungwa, watumishi wanachukua likizo, na watoto wetu waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanarudi nyumbani kwa Krismasi na mwaka mpya. Mzazi anataka mwanawe aoe au aolewe mbele ya ndugu zake wote, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini Desemba ya mwaka huu wa 2026 ina Jumamosi nne tu, yaani tarehe 5, 12, 19 na 26, na hiyo ya mwisho ni siku moja baada ya Krismasi. Hizo nne zinagombewa na kila mwenye shughuli, pamoja na vikundi vya akina mama vinavyofunga mwaka na ofisi zinazowaaga wastaafu wao. Mwenye ukumbi hana sababu ya kupunguza bei, mpishi anapokea kazi mbili kwa siku moja, na mshereheshaji anafika saa tatu usiku akitokea sherehe nyingine, sauti imeshamkauka. Ndugu wenyewe, ambao kwa ajili yao tuliuchagua mwezi huo, wanahangaikia tiketi za treni na basi wiki nzima, na wengine wanaingia mjini keki imeshakatwa.

Halafu kuna mvua. Kwetu huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kwa hiyo Desemba imezama ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka viti kwenye harusi ya mpwa wangu mwenyewe. Tulifunga maturubai tangu asubuhi, vitambaa vyeupe vya mapambo vikafuata, na ilipofika saa kumi jioni anga likawa jeusi. Maji yalijikusanya juu ya turubai hadi likafanya tumbo. Vijana wawili wakawa wanalisukuma kwa mipini ya fagio ili maji yamwagikie pembeni, na mara ya tatu yakamwagikia meza kuu. Bibi harusi aliingia amevaa kandambili, gauni amelikusanya mikononi hadi magotini. Gari la vinywaji lilinasa kwenye tope, kreti zikabebwa vichwani. Na hatukuwa tumepanga kufanyia uwanjani: ukumbi tuliokuwa tumeulipia kianzio ulikuwa umepokea kianzio cha familia nyingine kwa tarehe ileile, nao walikuwa na stakabadhi, sisi tulikuwa na maneno tu.

Kwa maoni yangu, kipindi kinachofaa zaidi mkoani kwetu ni kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Mvua imekatika, barabara za vijijini Kasulu, Buhigwe na Uvinza zinapitika, mahindi na maharage yametoka shambani, na mkulima ambaye Novemba angekwambia kwamba fedha yote imeingia kwenye mbegu na mbolea, Julai anakupa mchango wake bila kuikimbia simu yako. Mchango wa Desemba unadaiwa kwa mtu ambaye wiki chache baadaye atanunua sare, madaftari na viatu vya shule, na ndiyo maana daftari la mhazini linajaa ahadi kuliko fedha.

Hata ndani ya miezi hiyo yapo mambo ya kutazama. Wageni wanaotoka mwambao wa ziwa, kama Kagunga upande wa kaskazini au Kalya upande wa kusini, husafiri kwa boti, na kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani, kwa hiyo waalikwe wafike siku mbili kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kamati isiyo na walimu hapa kwetu sijapata kuiona; wiki hiyo wako kwenye usimamizi. Vilevile mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na waliokuwa wameandika migebuka kwenye bajeti ilibidi wabadilishe chakula.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa Kigoma hawezi kulifikiria, nalo ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haiwavuti vizuri isipokuwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika Kibirizi na Katonga, wavuvi wakashona nyavu na kulala majumbani mwao. Familia yenye wavuvi, au ambayo wachangiaji wake wakubwa ni wenye mitumbwi, ikiweka harusi wakati wa giza, viti vya upande wa wajomba vitabaki vitupu, na mimi nitavirudisha stoo vikiwa safi kama nilivyovileta. Siku za mbalamwezi watu wako nchi kavu, na fedha ya giza lililopita bado iko mfukoni. Wazee wa Ujiji walikuwa wakiuliza habari ya giza kabla ya kuuliza habari ya mahari. Sisi tuna kalenda kwenye simu, na hatuulizi.

Mifungo nayo ihesabiwe mapema. Mwaka 2025 na mwaka huu wa 2026 Ramadhani na Kwaresma zilianza kwa kupishana siku chache tu, na katika mji kama wetu, ambao Waislamu na Wakristo huchangiana harusi bila kubaguana, hiyo ina maana ya wiki sita au zaidi ambazo nusu ya waalikwa wako kwenye mfungo. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, wanaong'ang'ania Desemba wajue kwamba, kwa hesabu ya mwandamo, mwishoni mwa Desemba 2030 tutakuwa tumefunga, na mwaka unaofuata mfungo utaingia katikati ya mwezi huo.

Linalobaki ni lini mtu alipie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu. Nimegundua kwamba watu wengi huuchukua muda huo kuwa ndio muda wa maandalizi, wakati umewekwa ili mwenye pingamizi apate kujitokeza. Ukumbi, mpishi na muziki vinahitaji miezi sita, na kama ni lazima iwe Desemba, basi mwaka mzima. Kianzio kitolewe na stakabadhi iandikwe tarehe ya sherehe, si tarehe ya malipo peke yake, na iandikwe pia kitakachofanyika iwapo ukumbi hautapatikana. Mwenye ukumbi anayekataa kuandika hayo ameshakujibu.

Ningependa pia ofisi za kata, ambazo ndizo tunakoombea vibali vya muziki, zibandike ukutani orodha ya tarehe zilizokwisha kuombwa. Haigharimu zaidi ya karatasi na gundi. Kamati ikiona kwamba Jumamosi fulani ina shughuli tano katika kata moja, itasogea yenyewe bila kuambiwa na mtu. Taasisi za umma nazo, zinazofanya makongamano na mahafali, zingetangaza ratiba zake mwanzoni mwa mwaka badala ya kulipia kumbi wiki mbili kabla na kutusogeza sisi kwa barua.

Binti yangu wa mwisho ameposwa mwezi uliopita. Wakwe, ambao ni watu wa Kasulu, walikuja na Desemba yao mkononi, tukakaa hadi saa nne usiku, kalenda ya ukutani ikiwa imetandazwa juu ya mkeka. Tumekubaliana Jumamosi ya tarehe 17 Julai 2027, mkesha wa mwezi mpevu. Kianzio cha ukumbi nimelipa na stakabadhi ninayo, na kwa kuwa huenda ziwa likawa limefungwa, kwenye bajeti tumeandika ng'ombe mmoja na kuku, migebuka tumeikata kwa kalamu nyekundu. Mama mkwe hakufurahi.

Wako,
Mkodishaji wa viti na maturubai,
Ujiji, Kigoma