Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Marangu

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani zangu,

Nawasalimu nyote kwa heshima. Wakubwa zangu, shikamoni. Wenzangu, habari za siku nyingi. Na ninyi wadogo ambao mtasomewa salamu hizi huku mkisubiri chakula kiive, hamjambo? Nawatakia Krismasi ya amani wote mnaoiadhimisha, na majirani zetu Waislamu, ambao hula pilau yetu kila Desemba kama sisi tunavyokula biriani yao kila Idi, nawatakia mapumziko mema na kheri tele katika mwaka unaoingia. Nawaandikia kutoka nyumbani kwa mama yangu, Marangu, ambako tumekuja na watoto kula sikukuu kama ilivyo desturi ya watu wa huku, wanaotawanyika nchi nzima kwa miezi kumi na moja na kurudi kihambani wote kwa pamoja mwezi wa kumi na mbili, hata nauli zikipanda na mabasi yakijaa.

Salamu zangu za mwaka huu zinabeba jambo moja ambalo limeitawala nyumba yetu tangu shule zifungwe, nalo ni chemsha bongo. Lilianzia kwenye ugomvi wa rimoti. Tuna televisheni moja na watazamaji watano: kitinda mimba anataka katuni, binti yangu mkubwa na mama yake wanafuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, mwanangu wa kati anataka mpira, nami, kama baba yeyote aliyekwisha kuzeeka kabla ya umri wake, nataka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nilipochoka kuamua kesi hizo, nikatangaza kwamba rimoti itakuwa mali ya atakayejibu swali. Nilidhani nimejipatia njia rahisi ya kutazama habari. Haikuwa hivyo, kwa sababu watoto hawa wana walimu, wana vitabu na wana simu ya mama yao, wakati mimi ninategemea niliyoyasoma darasani zamani na ninayoyasikia redioni.

Mchezo huo tuliubeba hadi ndani ya basi. Kutoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi hadi Himo ni safari ya kutwa, na kwenye skrini ya mbele tuliwekewa filamu ya mapigano ya Kichina iliyotafsiriwa na mmoja wa wale wasimulizi wetu wanaowapa wahusika majina ya mitaani na kuwasemesha mambo ambayo mwenye filamu hakuyawazia kamwe. Kwa maoni yangu msimulizi huyo ndiye burudani yenyewe, na filamu ni kisingizio chake tu. Ilipokwisha tukarudi kwenye maswali, na barabara yenyewe ikatusaidia kuyatunga. Pale Mombo, inapochepuka njia ya kupanda Lushoto, niliuliza milima iliyo kulia kwetu inaitwaje. Wakajibu kwa pamoja kwamba ni Usambara. Tulipofika Same nikauliza tena, wakajibu Usambara tena, na rimoti ikawa yangu, kwa maana hapo mtu yuko Upare.

Binti yangu alilipiza kisasi tulipokaribia Himo. Kibo ya Mlima Kilimanjaro ilikuwa imejifunika mawingu, lakini yeye akaielekeza kidole na kuniuliza ni nani aliyeupandisha Mwenge wa Uhuru pale juu. Nikamjibu kwamba ni Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru wake. Hakuridhika, akataka kujua kilele hicho chenye mita 5,895 kiliitwaje kabla ya kuitwa Uhuru. Aliyejibu ni mzee mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye kumbe alikuwa akitusikiliza tangu Chalinze. Alisema kiliitwa Kilele cha Kaisari Wilhelm, jina alilolipeleka Mjerumani Hans Meyer alipofika huko mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayedai haki ya ukoo, kwamba huku Marangu jina la kutajwa kwanza ni la Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Tangu hapo hadi tuliposhuka, mzee yule ndiye aliyeuliza maswali na sisi sote tukawa wanafunzi.

Swali lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, hata hivyo, lilihusu sikukuu yenyewe. Kitinda mimba alisikia redioni kwamba Wakristo wa Ethiopia husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, akauliza kama Yesu alizaliwa mara mbili. Ilibidi tuanze mbali. Kalenda ya zamani, ile ya Kaisari Julius, iliuhesabu mwaka kuwa na siku 365 na robo, hesabu inayouzidi mwaka wa jua kwa dakika kama 11 hivi. Dakika hizo ni chache kwa mtu mmoja, lakini baada ya karne nyingi zilikuwa zimegeuka siku nzima nzima, na Pasaka ikaanza kuyahama majira yake. Mwaka 1582 Papa Gregori wa XIII aliamuru siku kumi ziondolewe, hivyo Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15. Makanisa kadhaa ya Mashariki, Ethiopia ikiwamo, yalibaki na hesabu ya kale katika sikukuu zao, na leo tofauti imefika siku 13. Itakapofika mwaka 2100, ambao kwetu hautakuwa mwaka mrefu, tofauti hiyo itakuwa siku 14. Kitinda mimba akataka kujua kama waliolala usiku ule waliamka wakiwa wamezeeka kwa siku kumi. Mimi, kama mtu anayeishi kwa mshahara, nilikuwa nikijiuliza jambo jingine kabisa: kama vibarua walilipwa siku zile, na kama wenye nyumba walidai kodi ya mwezi mzima.

Katika michezo tulikwenda haraka, kwa sababu shemeji yangu akianza habari za Simba na Yanga hakuna atakayelala. Aliapa kwamba nchi yetu ina medali nyingi za Olimpiki. Zipo mbili tu, zote za fedha na zote za Moscow mwaka 1980: ya Filbert Bayi, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui, mita 5,000. Rekodi ya dunia ya Bayi katika mita 1,500 ni ya mwaka 1974 kule Christchurch, nayo haikuwa katika Olimpiki. Shemeji alidai kwamba hata John Stephen Akhwari alipata medali Mexico mwaka 1968, na alisononeka kweli kuambiwa kwamba yule bwana alimaliza marathoni wa mwisho, goti likiwa limefungwa bendeji.

Juzi jioni umeme ulikatika, na hapo ndipo mama yangu alipotufundisha kwamba mchezo wetu ni mkongwe kuliko tulivyodhani. Alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori, amejipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande vidoleni, na taa ya chemli imewekwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Bila kuinua macho akasema, "Kitendawili!" Watoto wakaitikia, "Tega!" Akatega: "Shamba langu kubwa, mavuno yake hayajai mkono." Wakajaribu ulezi, wakajaribu mchicha, mmoja akajaribu hata kahawa kwa kuwa ameiona nyuma ya nyumba. Bibi akatikisa kichwa, akadai apewe mji. Wakampa Moshi, akaukataa, kwamba hapo anakwenda sokoni kila wiki. Wakampa Dar es Salaam, akaupokea. Akasimulia taratibu kwamba alikwenda Dar es Salaam akapokewa vizuri, akala wali kwa samaki, akatandikiwa kitanda chenye neti, na wenyeji wakamuuliza ilikuwaje wajukuu zake wasome miaka yote hiyo na wasijue kwamba jibu ni nywele. Watoto walicheka hadi kisu kikawekwa chini. Binti yangu, ambaye hukaa na simu muda wote, ndiye aliyeomba atege tena.

Nayasimulia haya yote kwa sababu yamebadili namna tunavyopanga malengo yetu ya mwaka. Ifikapo tarehe 31 Desemba wengi wetu huandika kwamba tutaweka akiba zaidi, tutajali afya, tutakuwa karibu na familia. Ni maneno mazuri, wala simcheki anayeyaandika. Tatizo lake ni lile ambalo mtoto yeyote aliyezoea chemsha bongo ataliona mara moja: hayana jibu. Ukiulizwa mwezi wa sita kama umejali afya, utajibu ndiyo au hapana kwa kadiri unavyojisikia siku hiyo, na hakuna mwamuzi anayeweza kukupa alama au kukunyima. Nikaona kwamba lengo linalofaa ni lile linaloweza kugeuzwa kuwa swali, likaulizwa na mtoto wa darasa la kwanza, na likajibiwa bila hotuba.

Basi tumekaa mezani na daftari la mistari, tukayageuza. Akiba imekuwa swali hili: je, mwezi huu fedha ya ada imetengwa kabla king'amuzi hakijalipiwa? Nimelipenda kwa sababu linaweka burudani na elimu kwenye mizani moja, na kwa sababu Januari, pamoja na sare, madaftari na michango, haimsubiri mtu ajipange. Afya imekuwa: je, baba ameshuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya kwetu, akatembea? Mwanangu, ambaye lengo lake la kwanza lilikuwa kuwa mchezaji mkubwa, sasa ataulizwa kila jioni kama amepiga mpira kwa mguu wa kushoto. Mke wangu ataulizwa kama cherehani imetoka kwenye boksi lake. Na kuhusu bibi tumeandika swali lenye sehemu mbili: nani aliyempigia simu Jumapili, na bibi alisema nini? Sehemu ya pili imewekwa makusudi, kwa ajili ya wale wanaopiga simu, wakauliza hali na kukata.

Mke wangu ana shaka na mpango huu, na ni haki niwaelezeni hoja yake. Anasema mambo mengine ya nyumbani hayapimwi kwa ndiyo na hapana, na kwamba mtoto anayemkagua baba yake kila siku anaweza kuja kusahau kumwonea huruma baba aliyechoka. Nimelifikiria jambo hilo sana, na kwa sehemu nakubaliana naye. Ndiyo maana tumeafikiana kwamba maswali ya daftari yataulizwa wakati wa chakula cha jioni tu, na kwamba anayeulizwa anaruhusiwa kutoa mji. Akitoa mji, muulizaji ataupokea na kusimulia safari yake kama alivyofanya bibi, na rimoti itakuwa yake hadi kesho. Hakuna adhabu nyingine.

Swali la mwisho kwenye daftari liliandikwa na binti yangu, kwa mwandiko wake mdogo uliolala upande mmoja, wakati mimi nimetoka nje kumsaidia kaka yangu kufunga mbuzi. Linasema: "Baba, jana ulifika nyumbani kabla hatujalala?" Mnaoijua foleni ya Barabara ya Morogoro jioni mtaelewa kwa nini nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, kisha nikalisoma tena. Ningeweza kumwambia kwamba foleni si kosa langu, na ingekuwa kweli. Lakini ni swali zuri kuliko yote tuliyoyatunga, kwa kuwa lina jibu moja tu na jibu hilo wao wanalo tayari kabla hawajaniuliza. Limebaki kama lilivyo, na tayari nimezungumza na msimamizi wangu kazini kuhusu kuingia mapema asubuhi ili nitoke mapema.

Kwenu mlio njiani, nawaombea safari njema, na tafadhali msione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Mnaokesha kazini sikukuu hii, wauguzi, walinzi, mafundi wa umeme na wote wanaotufanya sisi tukae mezani bila wasiwasi, Mungu awalipe. Mliofiwa mwaka huu, tunawakumbuka katika sala zetu. Tutarejea Dar es Salaam wiki ya kwanza ya Januari, na mlango wetu uko wazi kwa atakayependa kuja kunywa chai nasi, ilimradi aje na swali.

Kitinda mimba naye ameniagiza niwafikishieni la kwake, ambalo bibi amelipitisha. Kigoma na Bujumbura ni miji miwili iliyo kwenye Ziwa Tanganyika. Usiku wa tarehe 31 Desemba, ni upi kati yake utakaoingia mwaka mpya wa kwanza, na wa pili utachelewa kwa muda gani? Majibu apelekewe yeye mwenyewe, na asiyejua atoe mji. Moshi haupokelewi.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote.