Maji ya Kaole na kombe la mama

Bagamoyo

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Maji ya kisima cha magofu ya Kaole uliyoagiza yatakuja na basi, dumu la lita tano. Kwa kombe la mama, yaani aya za kuandikwa kwenye sahani kisha zioshwe anywe, ni kufuru ya wingi, lakini dumu dogo halikupatikana.

Umeuliza kama kweli kisima hakikauki. Wenyeji ndivyo wanavyosema, na wanaozuru magofu hunawa uso pale wakatia nia, kisha wakapita kaburi la Sharifa kuomba dua. Mimi naona hivi: maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, basi yakizama mchangani huelea juu ya yale ya chumvi. Ukiteka kwa ndoo yanajirudi taratibu. Weka pampu uone, chumvi itapanda. Hata kisima cha Mtakatifu Winefride kule Holywell, Wales, kilichosifiwa uponyaji karne na karne, kilikatika 1917 baada ya wachimba madini kutoboa njia chini kwa chini. Wakakiunganishia maji ya kwingine, na watu hawakuacha kwenda.

Sasa kombe lenyewe. Maji yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Yaonje kwanza: yakiwa na munyo, mama asinywe, anawie tu. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kunaikoleza, na yeye ana presha.

Zafarani nunua ya nyuzi, usikubali unga. Tia nyuzi mbili kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli hutoa umanjano polepole na uzi unabaki mwekundu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo na uzi ukapauka, umeuziwa rangi. Marashi nayo yawe ya kutia kwenye chakula; yale ya kujipulizia yana spiriti. Bana moja ya zafarani kwa vijiko viwili vya marashi, iloweke hadi ikolee, mwalimu aandike kwa kalamu ya mti. Sahani iwe ya kauri, nyeupe, isiyo na ufa, maana ufani uchafu hautoki. Wino wa dukani usiguse hapo kabisa. Maandishi yakikauka, osha kwa kikombe kimoja tu cha maji, anywe siku ileile.

Na kidonge cha presha ameze kama kawaida. Akikwambia ameanza kombe hivyo dawa aipumzishe, usimsikilize.

Dumu lirudishe, ni la jirani.

Wasalaam,
Shoga yako