Anayesahau alichotumwa si mvivu

Mhariri,

Makala ya afya katika gazeti lako wiki iliyopita ilisema dopamini ni kemikali ya raha, ikaishia hapo. Nimeuguza wagonjwa wa akili huku kusini hadi nikastaafu, na najua maelezo mafupi kama hayo yanavyowaumiza watu.

Jirani yangu hapa Mikindani ni mvuvi. Kijana wake ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Anachoma sindano kila mwezi, sauti alizokuwa akizisikia zimetulia, usiku analala. Lakini mama yake akimtuma chumvi, sabuni na kiberiti, anarudi na kiberiti peke yake. Baba anasema dawa imemtia uvivu, afadhali aache. Wajomba wanasema ni jini. Tena yuko aliyesoma gazeti akasema kijana amezoea raha, dopamini imemzidi.

Dopamini haifanyi kazi moja kila mahali. Seli zinazoitengeneza ni chache, nyingi ziko ubongo wa kati, na nyuzi zao ndefu hufika hadi sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo mtu anaposhikilia jambo kichwani mpaka alitimize. Ujumbe wenyewe kati ya seli za hapo hubebwa zaidi na kemikali nyingine, glutamati. Dopamini hugusa vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hasa vile vya aina ya D1, ikabadilisha jinsi seli inavyoupokea ujumbe huo: ishara inayohitajika huimarika, kelele hupungua, na seli huendelea kuitunza hata baada ya aliyekutuma kunyamaza.

Wapigaji wetu wa sindimba hupasha ngoma motoni kabla ya kucheza. Moto haupigi mdundo wowote, ila ukiwa mdogo ngoma haitoi sauti, na ukizidi ngozi inapasuka. Dopamini ya ubongo wa mbele iko hivyo hivyo.

Mwaka 1979 watafiti wa Marekani, Patricia Goldman-Rakic akiwa miongoni mwao, waliiondoa dopamini katika sehemu hiyo ya ubongo wa nyani waliofundishwa kukumbuka upande waliouchagua, ili zamu inayofuata wachague wa pili. Nyani walishindwa karibu sawa na wale waliokatwa sehemu yenyewe. Walipopewa dawa ya kuirudisha dopamini, uwezo ukarejea. Hao hawakuwa wavivu, wala hakuna aliyewaambia wana jini.

Kuhusu skizofrenia, wataalamu wengi wanaeleza kwamba dopamini huzidi ndani zaidi ya ubongo, ambako inahusishwa na zile sauti, huku ubongo wa mbele ukipungukiwa. Dawa tulizokuwa tukichoma huziba vipokezi vya dopamini vya aina nyingine, D2. Zinanyamazisha sauti, na hilo ni jambo kubwa kwa familia ambayo imewahi kukesha ikimtafuta mtoto wake, lakini kumbukumbu ile ya kushikilia maagizo haziitibu vya kutosha. Hata kabla ya sindano ya kwanza wagonjwa wengi huwa tayari wanasahau. Kumwachisha dawa hakumrudishii kumbukumbu. Kunaweza kumrudishia sauti.

Na kumfokea ni kumwongezea shida. Mtu akitishwa, dopamini hufurika ubongo wa mbele, ikizidi vimilango vya seli hufunguka, na ishara iliyokuwa ikitunzwa inavuja. Mtumeni kitu kimoja, akirudi mtumeni cha pili. Anayejua kusoma mwandikieni kwenye karatasi. Akionekana mzito kupita kiasi au mikono inatetemeka, mrudisheni kliniki wapime upya dozi.

Naomba ukurasa wako wa afya umpe nafasi daktari wa magonjwa ya akili alieleze hili kwa kirefu kabla ya Oktoba. Msimu wa korosho ukianza, vijana hawa hupewa kuokota, kuchambua, kuanika na kujaza magunia kwa agizo moja la asubuhi, na ndipo ugomvi majumbani unapozidi.

Muuguzi mstaafu,
Mikindani, Mtwara