Safari ya meli: nashauri Alaska kwa feri

Habari za jioni ndugu zangu. Mapendekezo yenu ya safari yetu ya meli nimeyasoma yote. Meli za kifahari naomba tuziweke kando; mara ile tulivutwa na bei ya tangazo, tukaja kulipia bahashishi, soda, intaneti, kila kitu na bili yake.

Mimi nashauri feri za jimbo la Alaska, zilizoanza kazi mwaka 1963. Tunapanda Bellingham, hapa hapa jimboni Washington, na baada ya saa 38 hivi tuko Ketchikan, mji wa Alaska. Chumba si lazima. Wengi hulala sitahani kwa nauli ya kawaida. Wengine hupiga hema juu ya chuma, na kwa kuwa vigingi haviingii, hema hubandikwa kwa tepu pana. Mvivu wa hema, mimi wa kwanza, anajinyoosha kwenye kiti kirefu chini ya paa lenye hita. Mabafu yapo. Kasino hakuna, msiniulize.

Tukiendelea hadi Petersburg, huko huko Alaska, tunapita Wrangell Narrows, mkondo mwembamba ambao meli kubwa za watalii haziingii. Usiku ni taa nyekundu na kijani tu za kuongoza meli, kushoto na kulia. Hapo asilale mtu!

Bebeni blanketi zito na koti la mvua, Ketchikan hainyeshi kidogo. Kantini ipo, ila wapishi wa chapati mnajijua.

Andikeni "nipo" kabla ya Jumapili, na idadi ya watoto. Anayetaka chumba aseme mapema, vinawahiwa.