Miezi mitatu amelipa, wimbo bado

Wiki iliyopita baba mmoja alimwondoa binti yake wa miaka sita kwenye masomo yetu ya piano. Aliondoka ameudhika, akiamini ameliwa pesa: miezi mitatu amelipa, na mtoto hana hata wimbo mmoja wa kuwapigia wageni. Amempata kijana anayepiga bendi, bei yake nusu ya yetu.

Malalamiko haya hurudi kila muhula, kwa hiyo nayajibu.

Binti yule anaimba do hadi so bila kupotea. Anapiga makofi kwenye mapigo ya tatu na ya nne huku akihesabu kwa mguu. Ukimfumba macho, do ya kati, ile ya katikati ya piano, ataipapasa mpaka aipate. Vidole vimejikunja kama vimefunika mpira mdogo, na kifundo cha mkono hakilali. Sebuleni hayo hayasikiki, lakini ndiyo kazi yenyewe. Zoltán Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, aliujenga ufundishaji wake juu ya kuimba: sauti ya mtoto kwanza, chombo baadaye.

Wazazi wengi humtafuta anayepiga vizuri badala ya anayefundisha watoto, na hizo ni kazi mbili. Mpigaji hodari asiyezoea watoto huandika namba kwenye vibonyezo, mtoto anakariri, na mwezi wa pili wimbo unatoka. Nyumbani ni shangwe.

Tulimpokea msichana wa miaka tisa aliyefundishwa hivyo miaka miwili. Alipiga nyimbo mbili kwa kasi, mama anatabasamu. Nikamwekea karatasi yenye noti chache za mkono mmoja. Akaitazama, kisha akatazama mikono yangu, akisubiri nimwonyeshe. Hakujua kusoma hata noti moja. Vidole vilikuwa bapa, viganja vimeegemea ubao. Kumfumua na kumshona upya kulituchukua mwaka mzima, na mtoto alilia kurudishwa kwenye nyimbo za wadogo zake. Mama alilipia mambo yaleyale mara mbili. Hilo huwa halionekani siku ya kulinganisha bei.

Ubahili mwingine uko kwenye chombo. Mvulana wa miaka mitano aliletwa na fidla ya mtu mzima, eti atakua nayo. Bega lilipanda hadi sikioni, shingo ikapinda. Fidla za watoto zina saizi zake: robo, nusu, robo tatu, na ndogo zaidi ya hizo. Mtoto hupimwa akiwa amenyoosha mkono, kichwa cha fidla kiishie kwenye kiganja bila yeye kujivuta. Mwalimu asiyepima kabla hamjanunua, mwacheni.

Kabla ya kulipa popote, hata kwetu, omba kukaa ndani ya somo la mtoto mwingine. Angalia mwalimu anafanya nini mtoto akikosea: anamnyang'anya chombo amwonyeshe, au anampunguzia kipande mpaka akiweze? Angalia kama nusu saa yote mtoto amekaa kitini. Wa miaka mitano hawezi, na mwalimu anayewajua humwinua akatembea mapigo. Muulize humfanyaje mtoto asiyefanya mazoezi. Akijibu kwamba humgombeza tu, ondoka. Katika njia ya Suzuki ya kufundisha watoto muziki, iliyoanzia Japani, mzazi huhudhuria somo pamoja na mtoto. Sisi tumeuchukua utaratibu huo kwa walio chini ya miaka saba, maana siku sita nyingine za wiki mwalimu ni wewe.

Bei yetu haipungui. Ndani yake kuna somo, daftari la kila mtoto ninaloliandika usiku, na piano inayotyuniwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu sikio la mtoto hushika anachosikia, kiwe sawa au kimepinda.

Daftari la binti yule bado liko kwenye rafu. Ukurasa wa mwisho una wimbo wa noti tano, ambao angeuanza wiki hii.