Kabla hujanunua beringi ya nne

Mteja wetu mmoja, kiwanda cha kusindika vyakula, alinunua kwetu beringi namba 6309 mara tatu ndani ya miezi saba, na zote zilikwenda kwenye pampu ileile. Mara ya kwanza tulimuuzia tukamshukuru. Mara ya pili tukamuuliza kama ile ya mwanzo ilikuwa halali, kwa sababu feki zimejaa sokoni na ndilo wazo la kwanza linalomjia kila mtu. Mara ya tatu fundi wake, kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, alisimama kaunta na beringi iliyokufa mkononi akasema, "Shikamoo mzee. Bosi anasema nikirudi tena na habari hii, nisirudi kazini." Siku hiyo tulifunga duka mapema tukaongozana naye mpaka kiwandani.

Pampu ilikuwa ya kawaida kabisa, mota ya kilowati 15, mizunguko 1,450 kwa dakika, inavuta maji kutoka tangi la chini. Tulizima, tukapiga kufuli kwenye swichi, tukafunga valvu zote mbili, kisha tukaanza kulegeza bolti za flenji, ule mdomo mpana unaounganisha bomba na pampu, upande wa kuvutia. Bolti ya mwisho ilipotoka, bomba liliruka pembeni kwa mlio, likasimama umbali wa upana wa kidole kutoka kwenye mdomo wa pampu. Hakuna aliyesema neno. Kijana alilitazama lile pengo, akaitazama beringi aliyokuwa ameishika, akaelewa mwenyewe bila kufundishwa.

Aliyefunga bomba lile alikata fupi, halafu akalileta kwa nguvu ya spana. Tangu siku hiyo pampu ilikuwa inafanya kazi mbili, kusukuma maji na kulizuia bomba lisirudi lilikotoka. Tulipofunga dayali geji, kipimo cha mshale, kwenye kaplingi inayounganisha mota na pampu, na kukaza flenji tena, shafti ilihama 0.4 mm. Kwa pampu ya kasi hiyo sisi hatupendi kuvuka 0.1 mm. Na ukumbuke jinsi beringi ya gololi inavyohesabu: mzigo ukiongezeka mara mbili, maisha yake hayapungui nusu, yanabaki sehemu moja ya nane. Hata ungeleta beringi bora kuliko zote duniani, pale ingekufa tu. Mchomeleaji alikata bomba, akaliunga upya likiwa na nguzo yake yenyewe ya kulibeba, mpaka flenji zikakutana kwa mkono mtupu. Huu ni mwaka wa pili, hawajanunua nyingine.

Zile beringi mbili tulizouza kabla ya kwenda kuangalia bado zinaniuma. Mteja alilipa pesa halali kwa kitu ambacho hakikuwa dawa ya ugonjwa wake, nasi ndio tuliokuwa na ujuzi wa kumuuliza swali moja la ziada. Mafunzo tunayotoa sasa hapa karakana, Dar es Salaam, yalianzia kwenye uchungu huo.

Yanaendeshwa kwa siku nne, na hatuchukui zaidi ya watu sita, kwa sababu tuna meza tatu na kila meza inatosha watu wawili na pampu moja. Hakuna ukumbi. Nadharia ipo, lakini tunaisema tumesimama, mikono ikiwa na grisi, pale inapohitajika.

Siku ya kwanza tunasoma beringi zilizokufa. Tuna debe zima, tumezikusanya miaka mingi, na tunazikata pete ya nje kwa grainda ili njia ya gololi ionekane. Ukishaonyeshwa, husahau. Njia iliyopinda, inayoanzia ukingo mmoja wa pete na kuishia ukingo wa pili, inasema pete ilikaa upande ikilinganishwa na shafti. Vishimo vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa, nafasi ileile ya gololi hadi gololi, ni nyundo hiyo: kuna mtu aliingiza beringi kwa kugonga pete ya nje, na kila gololi ikaacha alama yake. Kutu iliyokaa kwa nafasi hizohizo maana yake maji yaliingia pampu ikiwa imelala. Mistari ya kukingama kama ubao wa kufulia ni umeme uliopita ndani ya beringi, na hii tunazidi kuiona kwenye mota zinazoendeshwa kwa kibadilisha kasi. Rangi ya kahawia au bluu ni joto.

Kwenye joto huwa tunakaa muda mrefu, kwa kuwa hapo ndipo mafundi wengi wazuri wanakosea kwa nia njema. Tumefundishwa kwamba grisi ni chakula, basi mtu anapiga pampu ya grisi mpaka ianze kutoka pembeni. Gololi zikikosa nafasi zinaikoroga ile grisi kutwa nzima, inapata moto, mafuta yanajitenga, inabaki sabuni kavu. Beringi yenyewe ijae, sawa, lakini nafasi iliyo wazi ndani ya nyumba yake ijazwe theluthi hadi nusu tu. Huwa tunawapa washiriki pampu mbili zinazofanana, moja imeshindiliwa, nyingine imewekwa kiasi, zinazungushwa kwa saa moja, kisha kila mmoja anapima joto kwa mkono wake. Baada ya hapo mjadala unakwisha.

Kuingiza beringi kwenye shafti tunatumia hita, nyuzi 110 hivi, hatufiki 125. Nyundo inakaa kabatini.

Siku ya pili ni kulinganisha shafti ya mota na ya pampu, na mwanzo wake ni miguu ya mota, kabla ya kupima kaplingi. Legeza bolti moja moja huku ukiangalia mshale wa geji iliyowekwa juu ya mguu. Mguu ukiinuka, ujue mota imekaa kama stuli yenye mguu mfupi, na kila utakachopima juu yake kitakuwa uongo. Weka kibati chini ya mguu huo kwanza. Kuna wanaokuja na rula ya chuma wakisema wanatosheka nayo. Tunawaacha walinganishe kwa rula hadi waridhike, kisha tunaweka dayali geji juu ya kazi yao. Hatumcheki mtu. Mimi mwenyewe nilitumia rula miaka tisa.

Upande wa pakingi, zile pete za kamba zinazozuia maji yasivuje kandokando ya shafti, kosa karibu daima ni moja. Fundi anaona maji yanadondoka kwenye glandi inayoibana pakingi, anakaza. Yanadondoka tena, anakaza tena, mpaka pakauke na kila mtu afurahi. Lakini yale matone ndiyo yanayopoza na kulainisha pakingi. Ukiyakata, pakingi inaungua, inakuwa ngumu kama ukuni, inachimba mitaro kwenye slivu, ala inayokinga shafti, na kuanzia hapo hakuna pakingi itakayoshika. Acha matone 40 hadi 60 kwa dakika. Pete zikatwe kwa pembe ya nyuzi 45, na maungio yake yasikae kwenye mstari mmoja, kila pete izungushwe robo duara kutoka kwa mwenzake. Kila mshiriki anakata pete tano, anazipanga, anawasha pampu, anakaa na saa anahesabu matone. Inachosha, najua. Wakiondoka wanaweza kukisia idadi kwa macho.

Pampu yenye mekanikal sili, nyuso mbili laini zinazozuia maji badala ya pakingi, hadithi ni nyingine: ile haitakiwi kuonekana ikidondosha, na haitakiwi kuzunguka kavu hata kwa muda mfupi. Uso wake usiushike kwa kidole. Mengine tunaonyesha mezani.

Siku ya tatu ni ya kusikiliza. Tuna pampu ndogo yenye kipande cha bomba angavu upande wa kuvutia. Tunabana valvu ya kuvutia polepole, na viputo vinaanza kuonekana kwenye maji, kisha sauti inabadilika, kama kuna kokoto zinazunguka ndani. Mshale wa presha unacheza. Hiyo ni kavitesheni: presha imeshuka hadi maji yanachemka bila moto, na viputo vinapofika kwenye presha kubwa ndani ya impela, gurudumu linalosukuma maji, vinapasuka kwa nguvu ya kutosha kung'oa chuma. Baada ya sauti tunawapa impela iliyoliwa waipapase. Ina vishimo kama sponji.

Hapa kuna jambo wateja wa nyanda za juu wanapaswa kulijua kabla ya kunakili mfumo wa mtu wa Dar. Usawa wa bahari, uzito wa hewa unaweza kusukuma maji baridi juu kama mita 10.3, kwa hesabu tu, bila kutoa hasara za bomba na mahitaji ya pampu. Mbeya, kwenye mita 1,700, inabaki kama 8.4. Maji yakiwa ya moto wa nyuzi 80, kama yale ya tangi la boila, zaidi ya nusu ya hiyo inaliwa na mvuke, na unabakiwa na pungufu ya mita 4. Pampu iliyofanya vizuri Keko, hapa Dar, inaweza kupiga kelele za kokoto Mbeya, na haijaharibika popote. Inua tangi, nenepesha bomba la kuvutia, punguza viwiko. Kununua pampu mpya ya aina ileile ni kutupa pesa.

Siku ya nne mnakuja na tatizo lenu.

Ombi langu kwa wenye viwanda: mkimleta fundi, mleteni na mwendeshaji wa zamu ya usiku. Yeye ndiye anayekaa na pampu saa nane za giza, na sauti ya kokoto anaisikia wiki tatu kabla ya fundi kuitwa. Mara nyingi alisema, hakuna aliyemuuliza zaidi. Zile pampu kubwa za hatua nyingi za boila hatuzifundishi. Kwa hizo nendeni kwa waliozitengeneza.

Gharama tunakubaliana kwa idadi ya watu na umbali, maana tunaweza pia kuja kwenu mkiwa na pampu ya akiba ya kufungulia. Mkija kwetu, njooni na beringi au sili ya mwisho mliyotoa kwenye pampu inayowasumbua, ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na karatasi ya kuonyesha ilitoka upande gani wa shafti na juu ilikuwa wapi. Msiioshe. Ule uchafu tunauhitaji.